Kidato cha tano au stashahada? Njia tatu za kusomeshwa na serikali kwa mhitimu wa kidato cha nne Dodoma

Kwa muda mrefu swali hili halikuwa na uzito. Mikopo ya Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004 na kuanza kazi Julai 2005, ilikuwa kwa sehemu kubwa ya wanafunzi wa shahada. Mtoto wa mkulima wa Bahi au Chamwino aliyetaka stashahada alitegemea mbuzi, mtama na michango ya ukoo. Aliyepita kidato cha tano alilipa ada, lakini mbele yake kulikuwa na mkopo.

Mambo mawili yamebadilika. Mwaka wa masomo 2022/2023 ada ya kidato cha tano na sita katika shule za serikali ilifutwa, na mwaka huohuo ukaanza ufadhili wa Samia kwa waliofaulu sana masomo ya sayansi kidato cha sita, ukitengewa shilingi bilioni 3 kwa kuanzia. Mwaka uliofuata, 2023/2024, mikopo ikafunguliwa kwa wanafunzi wa stashahada katika fani za kipaumbele. Kwa hiyo mzazi wa Dodoma anayepokea matokeo ya kidato cha nne Januari ana uamuzi wa kweli mbele yake, na akikosea hapo ni vigumu kurekebisha baadaye.

Msimamo wetu tunautoa mapema ili usomaji uwe na mwelekeo. Kama lengo la kijana ni shahada na ana krediti (alama C au zaidi) za kumfikisha kidato cha tano, aende kidato cha tano. Kama lengo ni kazi ya afya, mifugo, ualimu au ufundi wa kiwango cha kati, stashahada yenye mkopo ni njia nzuri kuliko ilivyowahi kuwa. Lakini asichukue kozi ya stashahada iliyo nje ya fani za kipaumbele huku akihesabu kwamba mkopo utakuja. Hautakuja, hata awe yatima wa wazazi wote wawili.

| | Mkopo wa stashahada | Mkopo wa shahada | Ufadhili wa Samia |
|---|---|---|---|
| Kwa nani | Mwenye udahili wa stashahada, mhitaji | Mwenye udahili wa shahada, mhitaji | Waliofaulu sana sayansi kidato cha sita |
| Kozi | Fani za kipaumbele tu | Wigo mpana zaidi | Sayansi, teknolojia, uhandisi, hisabati na tiba |
| Kinachoangaliwa kwanza | Kozi, kisha uhitaji | Uhitaji | Ufaulu |
| Hurudishwa? | Ndiyo | Ndiyo | Hapana |
| Hupotea kwa | Kozi isiyo kwenye orodha | Nyaraka mbovu | Kuhamia kozi isiyo ya sayansi au ufaulu kushuka |

Mikopo yote miwili ina masharti ya pamoja: uwe Mtanzania, umri usizidi miaka 35 wakati wa kuomba, uwe umedahiliwa kusoma muda wote katika chuo kinachotambulika, usiwe na ajira wala kipato kingine cha kukulipia, na uwe umehitimu ngazi iliyotangulia ndani ya miaka 5. Sharti hili la mwisho ndilo linalowaponyoka vijana wengi. Anayemaliza kidato cha nne, akaenda mnadani Msalato kuuza nguo kwa miaka sita ili akusanye mtaji wa chuo, anarudi akiwa na vyeti halali lakini nje ya muda. Kama unajua utasoma, usikae.

Miaka ya masomo na miaka ya deni

Tumchukue mhitimu wa Novemba 2025. Akienda kidato cha tano ataanza Julai 2026 na kufanya mtihani wa kidato cha sita Mei 2028. Miaka hiyo miwili haina ada wala deni. Ina gharama nyingine, na tusidanganyane: fomu ya kujiunga itataka godoro, shuka, ndoo, sare, madaftari, rimu za karatasi, pengine jembe na reki, na nauli kama amepangiwa Kigoma au Mtwara. Lakini hizo ni gharama za kuanza, zinazoweza kupangwa. Mwishoni mwa 2028 anaingia chuo kikuu, na shahada ya miaka 3 inamalizika 2031.

Akienda stashahada moja kwa moja kutoka kidato cha nne, kozi nyingi ni miaka 3. Ataanza mwishoni mwa 2026 na kumaliza 2029, miaka miwili kabla ya mwenzake. Hapo anaweza kuajiriwa. Akitaka shahada baada ya hapo anahitaji stashahada yenye wastani wa GPA isiyopungua 3.0, kisha miaka mingine 3 chuoni, hadi 2032.

Linganisha sasa. Njia ya kidato cha tano hadi shahada ni miaka 5, na miaka 3 kati ya hiyo ndiyo ya mkopo. Njia ya stashahada hadi shahada ni miaka 6, na yote 6 inaweza kuwa ya mkopo. Mikopo hiyo miwili haifutani. Inajumlishwa.

Tuweke shilingi. Mwanafunzi wa shahada anayepewa chakula na malazi kwa kiwango cha 10,000 kwa siku, akikaa chuoni siku 240, anapata 2,400,000 kwa mwaka. Vitabu na viandikwa ni 200,000. Tuseme ada yake yote ya 1,300,000 imelipwa na mkopo. Jumla ni 3,900,000 kwa mwaka, au 11,700,000 kwa miaka 3. Ongeza mafunzo kwa vitendo ya siku 56 kwa 10,000 kila siku, mara moja, yaani 560,000. Deni linakuwa 12,260,000.

Akiajiriwa, mwajiri hukata asilimia 15 ya mshahara wake kila mwezi. Mshahara wa 800,000 hukatwa 120,000, na deni hilo linaisha kwa takriban miaka 8 na nusu. Kama kabla ya hapo alikopa stashahada, tuseme 2,500,000 kwa mwaka kwa miaka 3, deni linafika 19,760,000, na kwa makato hayohayo ni karibu miaka 14. Namba za ada na mshahara hapa ni za mfano. Weka za kozi yako, njia ya kukokotoa ni ileile. Kwa viwango vya stashahada tumia mwongozo wa stashahada, usibebe vya shahada.

Tangu Julai 2021 tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo iliondolewa, pamoja na adhabu ya asilimia 10 kwa waliochelewa. Hili ni jambo kubwa. Zamani deni lilikuwa likikua mdaiwa akiwa amelala. Sasa hesabu ya hapo juu inaweza kufanywa mezani kwa kalamu na ikashika. Asiyeajiriwa anayejitegemea hulipa asilimia 10 ya kipato chake kinachotozwa kodi au shilingi 100,000 kwa mwezi, na isipungue hapo. Kwa kijana anayeanza duka la dawa za mifugo Kibaigwa, laki moja kila mwezi si fedha ndogo. Aiweke kwenye mpango wa biashara tangu siku ya kwanza.

Vyuo viwili mji mmoja, matokeo mawili

Fani za kipaumbele za mkopo wa stashahada zilipangwa katika makundi sita: afya na sayansi shirikishi, ualimu na mafunzo ya ufundi, usafirishaji na uchukuzi, nishati na uhandisi, madini na sayansi za dunia, kilimo na mifugo. Orodha ya kozi ndani ya kila kundi hutolewa upya na mwongozo wa kila mwaka, kwa hiyo isome ya mwaka wako.

Angalia maana yake kwa mtu wa hapa. Stashahada ya afya ya mifugo na uzalishaji kwenye kampasi ya LITA, wakala wa mafunzo ya mifugo, iliyoko Mpwapwa, iko ndani ya makundi haya. Utabibu au uuguzi katika chuo cha afya cha Mvumi, ndani. Jiolojia au uchimbaji katika Chuo cha Madini Dodoma, ndani. Ualimu Mpwapwa, ndani. Lakini uhasibu, utunzaji kumbukumbu, utawala wa serikali za mitaa na kozi za biashara, ambazo zimejaa Dodoma kuanzia mjini hadi Hombolo, ziko nje ya makundi hayo sita. Si kwamba ni kozi mbaya. Mji wenye wizara zote hizi unahitaji wahasibu na watunza kumbukumbu. Ila atakayezisoma kwa ngazi ya stashahada ajue analipa mfukoni, na apange hivyo kabla ya kukubali udahili.

Hapa ndipo kosa linapotokea kwa mfululizo uleule. Kijana anachagua kozi kwa sababu rafiki yake yuko hapo. Anadahiliwa. Anasajiliwa. Anasikia mkopo wa stashahada upo, anaomba, anajaza kila kitu sawasawa, halafu jina halitoki katika awamu yoyote. Familia inadhani kuna upendeleo. Ukweli ni kwamba uamuzi ulishafanyika siku alipochagua kozi. Tunasisitiza hili kuliko jambo lingine lolote katika ulinganisho huu: mkopo wa stashahada unaamuliwa kwenye kuchagua kozi, na mkopo wa shahada unaamuliwa zaidi kwenye nyaraka za uhitaji.

Angalia pia jina la programu kwenye barua ya udahili. Kuna vyuo vinavyodahili kwanza astashahada, yaani ngazi ya 4 au ya 5, kisha mwanafunzi anaendelea hadi ngazi ya 6 ambayo ndiyo stashahada. Mkopo unatolewa kwa programu ya stashahada. Muulize afisa udahili swali moja, na ukiweza akujibu kwa maandishi: udahili huu ni wa stashahada tangu mwaka wa kwanza, au ni wa astashahada?

Kuhusu sifa za kuingia: kozi za utabibu na uuguzi zinataka ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini, yakiwemo kemia, biolojia na fizikia, kuanzia alama D. Kidato cha tano kinataka angalau krediti tatu, yaani C. Kwa hiyo yuko kijana mwenye D ya fizikia, kemia na biolojia ambaye kidato cha tano hakimhusu lakini utabibu unamwita. Kwake hakuna cha kulinganisha, aende stashahada. Na mwenye krediti za sayansi ambaye machaguo aliyojaza kwenye fomu ya TAMISEMI akiwa darasani hayamfai tena, afuatilie dirisha la kubadili tahasusi (mchanganyiko wa masomo ya kidato cha tano) au chuo linalofunguliwa kwenye mfumo baada ya matokeo. Wengi hulipita bila kujua lilikuwepo.

Ufadhili wa Samia: usiupangie bajeti

Ni msaada mzuri kuliko yote kwa sababu haurudishwi. Lakini hauombwi kwa uhitaji. Unawafuata waliopata alama za juu kabisa kidato cha sita katika masomo kama fizikia, kemia, hisabati na biolojia, na waliodahiliwa shahada za sayansi, teknolojia, uhandisi, hisabati au tiba. Mzazi asimpeleke mtoto kidato cha tano kwa kuhesabu ufadhili huu; ampeleke kwa kuhesabu mkopo wa shahada, na ufadhili ukija uwe nyongeza. Aliyeupata asibadili kozi kiholela. Akihama kutoka uhandisi kwenda biashara, ametoka kwenye kundi lililolengwa. Na aendelee kusoma kwa bidii, kwani ufaulu ni sharti la kubaki nao.

Kinachoharibu maombi

Njia zote hupitia mfumo wa mtandaoni wa Bodi, na vijana wengi hujaza steshenari. Hakuna ubaya, ila mhudumu akitumia barua pepe na namba yake ya simu kufungua akaunti, ndiye mwenye ufunguo. Bodi ikituma ujumbe wa kurekebisha nyaraka, utaingia kwake, naye ana wateja mia. Nenda na barua pepe yako, namba yako, na nenosiri uliloandika kwenye daftari lako.

Namba ya mtihani wa kidato cha nne iliyotumika kuomba udahili ndiyo itumike kuomba mkopo. Aliyerudia mtihani ana namba mbili. Akiomba chuo kwa ya kwanza na mkopo kwa ya pili, mifumo haimuoni kama mtu mmoja.

Majina nayo. Cheti cha kuzaliwa kinasema Mazengo, cheti cha kidato cha nne kinasema Masengo. Herufi moja. Kwa macho ya nyumbani ni mtu mmoja. Kwa mfumo ni wawili. Rekebisha kabla dirisha la maombi halijafunguka, kwa hati ya kiapo na kwa kuwaona RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, maana wiki za maombi ni chache na foleni ya marekebisho ni ndefu.

Yatima ndiye anayepoteza zaidi. Mzazi alifariki kijijini, akazikwa, na kifo hakikusajiliwa. Ili Bodi ihesabu uyatima inahitaji cheti cha kifo kilichohakikiwa na RITA, na maneno ya mjomba hayatoshi. Usajili wa kifo uliochelewa unaanza kwa barua ya mtendaji wa kijiji, pamoja na kibali cha mazishi au taarifa ya hospitali kama ipo, kisha unapelekwa kwa msajili wa wilaya, kwenye ofisi ya Mkuu wa Wilaya. Kwa aliyeko Mlali au Farkwa hizo ni safari, si simu. Anza zoezi hili mtoto akiwa kidato cha tatu. Cheti kikishatoka, bado kuna uhakiki mtandaoni. Kuwa na cheti mkononi na kuwa na cheti kilichohakikiwa ni vitu viwili.

Kaya iliyo kwenye mpango wa TASAF, wa kusaidia kaya maskini, iandike namba ya kaya kama ilivyo kwenye kitambulisho, bila kuruka tarakimu. Mwenye ulemavu, au mwenye mzazi mwenye ulemavu, ajaze fomu inayosainiwa na Mganga Mkuu wa Wilaya au wa Mkoa. Saini ya mganga wa zahanati haikubaliki. Fomu ya maombi yenyewe inahitaji saini na muhuri wa serikali ya mtaa au kijiji, mdhamini mwenye kitambulisho na picha, na kamishna wa viapo. Baada ya kusainiwa, kurasa hizo hurudishwa kwenye mfumo. Watu huacha hapa: wanachapisha, wanasainisha, wanahifadhi kwenye begi, wakidhani wamemaliza. Maombi hayo hayajatumwa.

Jina likikosekana katika awamu zote, subiri dirisha la rufaa na upeleke kitu kipya, kama cheti kilichohakikiwa au namba ya TASAF iliyosahihishwa. Rufaa inayorudia maelezo yaleyale hupata jibu lilelile.

Baada ya kupata

Kupangiwa mkopo si kupangiwa wote. Kiwango cha ada hufuata uhitaji, na mwanafunzi anaweza kupewa sehemu ya ada huku chakula na malazi kikiwa kamili. Ada huenda chuoni moja kwa moja, na fedha ya kujikimu, bumu, huja kwa awamu kwa mwanafunzi mwenyewe baada ya kusajiliwa na kusaini. Asiposaini kwa wakati, fedha hairukii awamu inayofuata kwa hiari yake. Wiki za kwanza chuoni mara nyingi hupita bila bumu. Mwanafunzi wa UDOM anayefika na nauli tu atashinda njaa kwenye kilima kile. Tenga angalau chakula cha mwezi mmoja.

Dawati la mikopo la chuo ndilo la kuona ukiahirisha masomo, ukibadili kozi au namba ya benki. Aliyeachishwa chuo na baadaye anataka kuomba upya hutakiwa kurejesha kwanza asilimia 25 ya alichokopa.

Kuna pia VETA, na kwa baadhi ya vijana inashinda zote tatu. Ada ya vyuo vya VETA vya umma ni 60,000 kwa mwaka kwa kutwa na 120,000 kwa bweni, na fundi umeme au fundi wa magari hahitaji kukopa mamilioni ili aanze kazi. Kumbuka tu miaka 5 ya kuhitimu inaendelea kuhesabika: mwenye nia ya kurudi stashahada kwa mkopo arudi ndani ya muda huo.

Kwa aliye kidato cha nne sasa, kazi ya wiki hii ni ndogo: weka mezani cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha TASAF kama kipo, na cheti cha kifo cha mzazi kama kinahusika, kisha soma majina herufi kwa herufi dhidi ya jina lililosajiliwa kwa mtihani.